Waalimu wa sayansi Mombasa, nipeni chalenji ya kubuni ya watoto sitini, bajeti elfu mbili

mwalimu_kisauni
Asalaam aleykum na hamjambo nyote. Nasomesha sayansi gredi ya 8 huku Kisauni, skuli ya umma, darasa moja watoto sitini. Muhula huu nataka niwape kazi ya mikono ya kubuni, si ile ya kukopi mchoro wa kitabuni, wapewe tatizo, wafikirie wenyewe, watengeneze, kijaribiwe mbele ya wenzao na kikivunjika warudi wakirekebishe. Sasa nikitafuta kwa intaneti napata zilezile tu, mnara wa tambi na peremende laini, ama yai lifungwe vizuri lirushwe kutoka ghorofani lisivunjike. Tambi na mayai kwa watoto sitini ni pesa, na hata pesa zikipatikana wazazi huku hawatapenda kuona chakula chatupwa, hiyo ni israfu, na mimi mwenyewe moyo haunipi kumwambia mtoto ambaye hajanywa chai avunje mayai.

Nina shilingi elfu mbili za klabu, vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana, na mfereji ambao siku nyingine watoa maji siku nyingine mkavu. La pili linalonisumbua ni makundi. Nikigawa tu, wavulana wawili washika makasi, wasichana wapewa kalamu waandike, waliobaki wapiga stori. Nyinyi mwaifanyaje?

fundi_mtongwe
Waaleykum salaam mwalimu. Wape chombo. Watoto wa Mombasa wakae wakijenga minara ya tambi na bahari iko hapo?

Kila kundi mpe manila moja ya saizi A4, mshumaa mmoja na vijiti vinne vya mishkaki, basi, hakuna kingine. Kazi ni kutengeneza chombo kibebe mzigo mwingi zaidi bila kuzama wala kupinduka. Manila waipake mshumaa mkavu kwa kuusugua, usiwaruhusu kuyeyusha kwa moto. Kona wazikunje wasizikate, ukikata ushafungua mlango wa maji na gundi ya skuli haitauziba.

Uzuri wake ni kwamba hesabu iko ndani. Manila ni sentimita 21 kwa 29.7. Ukikunja ubavu wa sentimita 1 unapata kiboksi cha sm 19 kwa 27.7 kwa 1, yaani kama sm za ujazo 526. Maji safi sm moja ya ujazo ni gramu moja, kwa hivyo chombo hicho kikizama hadi ukingoni kimesukuma maji gramu 526, na hapo ndipo mwisho wa uzito wake, mzigo pamoja na karatasi yenyewe. Kunja ubavu sm 2 wapata 874 hivi, sm 3 yafika 1066, sm 4 yafika 1128, alafu ukienda sm 5 yarudi 1083 na sm 6 yashuka 956. Mtoto wa gredi ya 8 anaweza kupiga hesabu hii yote na achore grafu kabla hajagusa karatasi, na mwalimu wa hesabu atakushukuru.

Lakini sasa akienda majini hatapata hiyo 1128, na hapa ndo raha ya kazi. Karatasi itabonyea ubavuni, maji yataingilia pale palipolegea. Atajua mwenyewe kwa nini jahazi lina mataruma ndani, zile mbavu za mbao, na vile vijiti vya mishkaki ataviona kwa jicho jingine. Usimwambie mapema, mwache avione.

Mzigo nunua misumari, wauza kwa kilo. Chukua kilo moja na nusu, waihesabu, wagawe, wapate uzito wa mmoja. Mkimaliza tumieni misumari hiyo kutengeneza madawati. Maji hata mfereji ukikauka beseni mbili za dobi zatosha skuli nzima, yatumike tena na tena.

Bi_Rukia_Tudor
Nimeipenda ya fundi. Mimi nitajibu hilo la makundi kwa sababu nasomesha junia pia na lilinitesa sana.

Sitini gawa watano watano, wapate kumi na mbili. Kila mtoto awe na kazi yenye jina: wa vipimo, wa kukata na kukunja, wa mzigo, wa kuandika, wa vifaa. Kila dakika kumi piga kofi, kazi zihame mtu wa kulia. Makasi yahama, kalamu yahama, hakuna kubishana na hakuna kuomba ruhusa. Watalalamika mwanzo, hasa wale wavulana walozoea kushika kila kitu, wewe shikilia hapohapo. Wasichana wangu wawili wenye mikono mizuri kabisa darasani sikuwajua mpaka makasi yalipowafikia kwa zamu, walikuwa wakiandika tu miaka yote.

Na zawadi usimpe aliyebeba zaidi peke yake maana atakuwa ni yuleyule mwenye baba fundi. Pima mara mbili. Jaribio la kwanza, waandike namba, wachore chombo kilipoingia maji, waandike watabadilisha nini, KITU KIMOJA tu, alafu watengeneze cha pili kwa manila mpya. Alama nyingi ziende kwa tofauti kati ya cha kwanza na cha pili na kwa sababu walizoandika. Wakibadilisha vitu vinne kwa mpigo hawatajua kipi kilichosaidia. Manila mbili kwa kila kundi ni karatasi 24, bajeti yako haitoki jasho.

salim_mikindani
chombo ni poa lakini mi ningewapa tatizo la nyumbani kabisa. huku kwetu maji ya kisima ni chumvi, ya mfereji yaja kwa mgao, mama wananunua madumu kwa mikokoteni kila siku. wapeni chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa, kokoto, mchanga, makaa, pamba, watengeneze filta ya maji ya kisima, kundi lenye maji matamu lishinde

mkemia_likoni
Salim wazo lako liko mahali pake kabisa na tatizo ni la kweli, ila filta hiyo haitatoa chumvi. Tafadhali mwalimu usiipeleke darasani kwa lengo hilo, watoto watapita wiki wakipanga tabaka za mchanga na maji yatatoka meupe na chumvi ni ileile. Mchanga unashika uchafu unaoonekana, makaa yanapunguza harufu na baadhi ya rangi, lakini chumvi imeyeyuka ndani ya maji, inapita na maji. Na maji kuwa meupe hayamaanishi yamekuwa salama, vijidudu havionekani, kwa hivyo chochote kitakachotoka hapo kisinywewe, na kushindana kwa kuonja kusiweko kabisa.

Chumvi unaiacha kwa kuyafanya maji yawe mvuke. Jua la Mombasa, sisi tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta, litakufanyia bure. Chukua beseni, maji ya chumvi kidogo chini, kikombe kifupi kizito katikati, juu plastiki angavu iliyokazwa kwa raba, na kijiwe kidogo juu yake sawa na kikombe ili pabonyee. Maji yanapanda mvuke, yanagandia chini ya plastiki, yanateremka mpaka kwenye kijiwe na kudondoka kikombeni. Mashindano ni mililita ngapi mpaka saa tisa mchana. Watoto wana mengi ya kubadilisha hapo: beseni jeusi au jeupe, maji kina cha sm 1 au sm 5, mteremko mkali au mdogo, mahali panapovuja mvuke. Wengi watajaza beseni wakidhani maji mengi yataleta mengi, na kundi la maji machache ndilo litakaloanza kudondosha mapema kwa vile yanapata moto haraka.

Kujua kama chumvi imebaki nyuma usionje, tia matone ya maji ya mwanzo kwenye kijiko kimoja na ya kikombe kwenye kijiko kingine, mwalimu mwenyewe akaushe juu ya mshumaa. Kimoja kitabaki na unga mweupe. Ila mwalimu hii ni kazi ya siku nzima ya jua, dakika 80 hazitoshi, ifanye muhula wa jua kali ama Jumamosi ya klabu.

fundi_mtongwe
Narudi kidogo kwa sababu kuna kitu sikukisema na si kidogo. Mwalimu, baada ya mashindano ya mzigo wafanyie la kupinduka. Chombo chenye nusu ya mzigo wake, msumari mmoja mmoja uhamishwe kutoka katikati kwenda ubavu mmoja, wahesabu mingapi mpaka kilale. Vile vyenye ubavu mrefu na tako jembamba vitapinduka upesi hata kama kwenye hesabu vilikuwa na ujazo mkubwa.

Sisi watu wa Mtongwe hili kwetu si mchezo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka hapa kwetu, karibu na ufuoni kabisa, watu 272 wakafa. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Watoto wa gredi ya 8 hawakuwa wamezaliwa, lakini wengi wana mtu nyumbani wa kuwahadithia, na wengine watapanda feri asubuhi ileile wakija skuli. Mtoto akiona kwa mkono wake mzigo ukihama upande mmoja chombo chafanya nini, ataelewa kwa nini abiria huambiwa wasisongamane upande mmoja.

Alafu waulize: mwenye ngalawa afanyaje na chombo chake chembamba vile? Watasema matengo, yale magogo ya kando yanayoizuia isilale. Jahazi tupu je? Farumi, yaani uzito wa mawe chini kabisa ili litulie. Wape ruhusa wajaribu yote mawili kwa vijiti vilivyobaki na misumari. Wakitaka mfano wa siku hizi wa kubuni na vitu vya taka, waonyeshe picha za Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu na mafundi wa jahazi kwa plastiki iliyookotwa, likafunikwa kwa ndara za pwani, mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Mafundi walitumia ujuzi uleule wa mbao kwenye kitu kipya.

mwalimu_kisauni
Mashaallah, nawashukuru sana. Naanza na chombo, ya jua nitaiweka Jumamosi ya klabu. Maswali mawili ya haraka. Bi Rukia, hayo yote kwa dakika 80 yataingia? Na fundi, nikipeleka vyombo vya pili ufuoni badala ya beseni itabadilisha hesabu?

Bi_Rukia_Tudor
Hayaingii, usijaribu. Wiki ya kwanza hesabu, kukunja na jaribio la kwanza. Karatasi zilizolowa zianikwe, waziangalie wiki yote ukutani, watakuja na mawazo wenyewe. Wiki ya pili chombo cha pili na la kupinduka. Daftari zao zihifadhi, wakifika sekondari wakitaka kuingia Kenya Science and Engineering Fair watakuwa washazoea kuandika majaribio yao.

fundi_mtongwe
Itabadilika kidogo. Lita ya maji ya bahari ni kama gramu 1025, kwa hivyo chombo cha 1128 kitapata gramu 28 hivi zaidi, misumari michache. Lakini ufuoni kuna mawimbi na upepo, utashindwa kujua kama ni chumvi ama wimbi. Chota ndoo ya bahari uilete darasani, beseni moja maji ya mfereji, moja ya bahari, chombo kilekile, na kikaushwe kabla ya kuhama.