Pedi za breki: za elfu 18 au za elfu 75? Tupeane uzoefu

Kobe_Mwendo: Wakuu, IST yangu inapiga mluzi mguu wa mbele. Fundi kafungua kanionyesha pedi, zimebaki nyembamba kama kadi ya benki. Anasema maduka ya spea ya Gerezani kuna za elfu 18 na za elfu 75, "zote pedi tu bosi." Ijumaa napeleka familia Lushoto. Mliofunga za bei chee, mlionaje?

MkaaKibaha: Naendesha teksi mtandao. Za bei hiyo zilinikalia wiki 7. Kuisha si tatizo, tatizo zilivyokula diski. Ukipitisha kucha unahisi matuta. Kuchonga ikashindikana, diski ilishafika kipimo cha mwisho kilichogongwa ubavuni mwake. Nikanunua diski mbili na pedi nyingine. Hesabu fanya mwenyewe.

Binti_Pwani: Nimeingia nikidhani pedi zile zetu. Natoka taratibu.

MamaTenga: Mmenikumbusha mteremko wa Kitonga, 2019. Noah, tumetoka Ilula na matenga 6 ya nyanya nyuma, mama mkwe kiti cha kati. Pedi zina siku nne, boksi jina kubwa, bei ya kutupa. Nashuka na D, mbele lori la mzigo linatambaa, na mimi mguu haubanduki kwenye breki. Kona ya tatu nikasikia harufu kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Nakanyaga, pedali ngumu, imegoma pale pale, gari linakwenda tu kama barabara imepakwa sabuni. Nikapanda na miguu yote miwili, wapi! Lori linanijia usoni, nasoma mpaka maandishi ya nyuma, "Mungu Nisaidie." Nikatupa gia kwenye 2, kisha L, injini ikalia kama ng'ombe, huku navuta hendibreki kidogo kidogo. Nikaona heri mlima kuliko korongo, nikalisugua gari mtaroni mpaka likasimama. Magurudumu ya mbele moshi mtupu, nyanya zimefika kwenye kioo. Mama mkwe, ambaye tangu Ilula alikuwa hajanisemesha, akafungua mdomo: "Ndiyo tumefika?"

Babu_Kijiwe: Huyo mkwe apewe uzi wake.

MkaaKibaha: Alikununia nini? Usitufiche dada.

MamaTenga: Mambo ya shamba. Si ya humu.

FundiMpole: Pole dada, ila pedi unazionea. Hayo ni mafuta ya breki yalichemka. DOT 3 mpya inavumilia nyuzi 205, ikishavuta unyevu inaweza kuanza kuchemka kwenye 140. Hakuna anayebadilisha, mnasubiri yaishe.

Nati_13: Fundi, soma kwanza. Mafuta yakichemka pedali inazama mpaka chini, maana unakandamiza mvuke. Huyu kasema ilikuwa ngumu. Pedali ngumu na gari halishiki ni pedi zenyewe zimepata moto, gundi yake inaungua.

FundiMpole: Mimi nina miaka 22 gereji, wewe una bando.

Nati_13: Miaka 22 na pedali bado inakuchanganya.

MamaTenga: Ilikuwa ngumu. Mguu uliokuwa pale ni wangu.

Dogo_Probox: Chukueni used ya Japani, mpya ya siku hizi ni takataka.

Babu_Kijiwe: Pedi ya mtumba! Hujui imenyweshwa mafuta ya breki ya gari la nani. Utanunua na mswaki used.

Dogo_Probox: Basi orijino mbele, chee nyuma.

Nati_13: IST nyingi nyuma ni breki za ngoma, huko zinakaa shuu, si pedi.

Asha_Spea: Elfu 75 nayo si kinga. Mimi nipo dukani na bado nilipigwa. Boksi limechapwa likapendeza, ndani pedi inaachana na bati lake, ukiichokoa kwa bisibisi inamong'onyoka. Kobe, tazama ule ukingo pedi inaposhikana na bati kabla hujatoa hela. Usione haya, mwenye duka akinuna mwache anune. Na usifunge leo ukapanda Lushoto kesho. Tafuta barabara tulivu, nenda 50, shika taratibu mpaka 10 bila kusimama, rudia kama mara kumi, ziache zipoe.

MkaaKibaha: Na kushuka Mombo weka 2. Breki iwe ya kusaidia tu.

Dogo_Probox: Kushuka weka N, gari lijiendee bila gia, unaokoa mafuta 😂

Babu_Kijiwe: Huyu asisikilizwe hata kwa utani.

Kobe_Mwendo: Wakuu nimesoma yote, nimempigia fundi. Anasema keshafunga, na gari kaniosha bure.

Nati_13: Kafunga zipi?

Kobe_Mwendo: "Zile nzuri za elfu 18."

MamaTenga: Mkweo yumo kwenye hiyo safari?