Matumizi ya kaya za vijana na za wazee: nalinganishaje?

Mdadisi
Wakuu, nina madaftari ya matumizi ya wiki 2 ya kaya za mtaa mmoja. Nikigawa kwa idadi ya watu, kaya za walio chini ya miaka 35 zinatumia zaidi sana kuliko za wazee wa 60 na kuendelea. Vijana ni wafujaji kweli, au hesabu yangu ina kasoro?

Debe
Mkuu, anza na mahindi. Wazee wengi wanakula ya shambani. Hela haikutoka, kwa hiyo daftari halikuandikwa kitu. Kijana ananunua unga kilo mbilimbili na kila kilo inaonekana. Kadiria thamani ya kilo zilizopikwa kwa bei ya soko la hapohapo. Tumia bei ya mahindi, si ya sembe, maana hela ya mashine mzee anailipa na ipo kwenye daftari. Halafu hesabu kilicholiwa tu. Ukiingiza gunia zima la kilo 100 kwenye wiki 2, mzee atageuka tajiri kwenye karatasi.

Nyumba vilevile. Kijana kapanga, mzee yuko kwake. Muwekee kodi ya kukadiria kulingana na vyumba kama vyake vinavyopangishwa mtaani.

Kapu la Soko
Hapo sahihi kabisa, ila mimi naona kasoro kubwa iko kwenye kugawa. Bibi, babu na wajukuu 3 wakitumia 210,000, kwa vichwa 5 ni 42,000. Mpe kila mjukuu 0.5 ya mtu mzima, mfano tu, kaya inakuwa sawa na watu wazima 3.5, na kwa kila mtu mzima ni 60,000. Viwango halisi hutegemea umri na jinsia. Chukua vya NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kijana anayeishi peke yake hana wa kuchangia naye kodi, na mkaa anaununua kwa kopo, ambao ukiupima ni ghali kuliko wa gunia.

Mdadisi
Asante sana. Na hela ambazo vijana wanawatumia wazazi?

Kapu la Soko
Ziweke safu ya peke yake, nje ya matumizi. La sivyo 30,000 ileile utaihesabu kwa kijana, kisha tena mama yake akinunua sukari na dawa. Bando nazo usimuulize mkuu wa kaya. Kila mwenye simu afungue ujumbe wake wa miamala.