Kuicheza Kilwa katika Europa Universalis IV: je, hiyo ni nchi yetu?

Mwana wa Songo Mnara (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Kwa miaka minne nimekuwa nikicheza Europa Universalis IV, mchezo wa kompyuta wa kuongoza dola kwenye ramani ya dunia, na kila mara huchagua Kilwa. Mchezo unaanza tarehe 11 Novemba 1444 na kuishia mwaka 1821, kwa hiyo Tanzania haimo, na Mtanzania hana budi kuitafuta nchi yake katika dola za kale. Rafiki yangu ananiambia kwamba najidanganya, kwamba Kilwa hiyo ni rangi tu kwenye ramani. Sikubaliani naye. Mreno Francisco de Almeida aliiteka Kilwa mwezi Julai 1505. Safari hii, mwaka huo ulipowadia, merikebu zangu zilikuwa zikililinda lango la bandari, nikausimamisha mchezo, nikaitazama ramani kwa muda mrefu, na moyoni nikahisi kitu ambacho somo la historia halikuwahi kunipa. Je, nanyi huhisi hivyo, au rafiki yangu amesema kweli? Kwa vyovyote tuna la kujivunia, maana wakati bara kulikuwa pori tupu, pwani tulikuwa na dola, sarafu za shaba na msikiti wa mawe.

Mjukuu wa Mpagazi
Ndugu mleta mada, nilikusudia kukujibu kuhusu mchezo, lakini hayo maneno "pori tupu" yamenikwama kooni. Kule Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, watu walijenga mifereji ya mawe ya kumwagilia mashamba yao, na Buhaya chuma kilikuwa kikiyeyushwa yapata miaka 2,000 iliyopita. Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa kupitia bandari ya Sofala ilichimbwa katika nyanda za Zimbabwe, na waliochimba ni watu wa bara. Wanyamwezi na watu wa pwani ni watani, na kama ungetania ningekujibu kwa utani. Hukutania. Tena Kilwa hiyo unayoilinda kwa uchungu ndiyo iliyowapakia wazee wetu majahazini wakiwa wamefungwa minyororo.

Mwana wa Songo Mnara
Hapo umenionea. Bandari ya watumwa unayoisema ni Kilwa Kivinje, iliyovuma katika karne ya 19. Mimi nacheza Kilwa Kisiwani. Ni miji miwili tofauti, na si haki kunibebesha dhambi ya mmoja kwa sababu ya jina la mwingine.

Hati za Kale
Kaka, utofauti huo haukuokoi. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa, akiwa bado Kisiwani, alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1776 umo ndani ya kalenda ya mchezo wako.

Mvita
Mimi nilichokiona kigumu ni hilo la kujivunia. Kilwa ya Julai 1505 ilitekwa bila upinzani mkubwa, na sultani wake Ibrahim akakimbia. Mombasa, mwezi uliofuata, ilipigana mtaa kwa mtaa hadi ikatiwa moto. Kama ni fahari, tuanzie huko. Mimi ni Mkenya, nacheza Mombasa, na ili nipate nguvu za kuwakabili Wareno hunilazimu kuiteka Kilwa kwanza. Mtanzania mmoja niliyecheza naye mtandaoni alinikasirikia kana kwamba nimevuka mpaka wa Lunga Lunga na jeshi, na hatujazungumza tena. Kwa hiyo, mleta mada, mwambie rafiki yako kwamba hiyo si rangi tu.

Mwana wa Songo Mnara
Mji kutekwa upesi si aibu ya wakazi wake. Almeida alikuja na mizinga.

Mvita
Alikuja Mombasa na mizinga ileile.

Mrundi wa Ughaibuni
Wapendwa, mnagombania miji miwili na kuliacha jambo lenyewe. Burundi imo mchezoni kwa jina lake, pamoja na Rwanda na Buganda, nami nilipoiona mara ya kwanza nilimwita mke wangu aje aitazame. Kinachoniumiza ni hesabu iliyofichwa chini ya ramani. Mchezoni Mwamko wa Ulaya (Renaissance) huzaliwa Italia, kisha ukoloni nao huhesabiwa kuwa hatua ya maendeleo, na dola ambayo haijazipokea hatua hizo hulipia teknolojia kwa gharama kubwa zaidi. Mtu anaweza kuipenda nchi yake mchezoni kadiri awezavyo, lakini kipimo alichowekewa ni cha Ulaya.

Mjukuu wa Mpagazi
Nakubaliana nawe, Mrundi, ila hao waliotengeneza mchezo wako Stockholm, nami siwadai sana. Aliyeandika "pori tupu" amezaliwa hapa, amesoma hapa, na bila shaka amepita Dodoma na Tabora kwa basi.

Mwana wa Songo Mnara
Nimepita. Habari za mwaka 1776 sikuzijua, na zimeniumiza. Mchezo huo huwaorodhesha watumwa miongoni mwa bidhaa, kama pembe za ndovu, nami kwa miaka yote minne nimekuwa nikijumlisha mapato bila kulitafakari jina la bidhaa. Lakini, mkuu, unataka nifanye nini? Najua kuzibadilisha faili za ramani. Nitajie dola moja ya Unyamwezi ya mwaka 1444, usiku huu nitaiweka.

Mjukuu wa Mpagazi
Siwezi kukutajia. Watemi wetu walikuwa wengi, kila mmoja na eneo lake dogo, na hakuna aliyewaandika majina katika karne hiyo. Mirambo unayemjua ni wa karne ya 19, nje ya kalenda yako. Ndiyo sababu neno "tupu" limenichoma: mchezo wako hautambui watu mpaka wawe na mfalme mmoja na bendera, nawe umekipokea kipimo hicho, ukakileta hapa kama historia, ukatupima nacho sisi tuliokaribisha misafara yenu na kuibeba mizigo yenu mabegani.

Hati za Kale
Lakini ramani haina namna nyingine ya kuonyesha watu. Kama hakuna dola, hakuna cha kupaka rangi.

Mjukuu wa Mpagazi
Basi waandike angalau kwamba watu wapo.

Mwana wa Songo Mnara
Nimekuelewa. Namwomba msimamizi anifungulie chapisho la kwanza, niyafute maneno hayo mawili.

Mjukuu wa Mpagazi
Usiyafute, ndugu yangu. Yaache pale juu, na majibu yake yabaki chini yake.