Mada ya subira katika mtihani wa kuzungumza wa IELTS: nijibu vipi bila kujisifu?

Muuguzi wa Langoni

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni muuguzi hapa Lamu, na ninajitayarisha kwenda Mombasa kufanya IELTS, ule mtihani wa lugha ya Kiingereza, kwa kuwa baraza linalosajili wauguzi wa Uingereza hutaka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kusoma na kuandika hakunitishi. Kinachonishinda ni yale maswali ya mwanzo ya kuzungumza, yanayomhusu mtu mwenyewe, na hasa mada ya subira. Mwenzangu anayenifanyisha mazoezi huniuliza kama mimi ni mtu mwenye subira, nami hujibu kwamba ndiyo, ninayo sana, kwa sababu subira ni jambo muhimu maishani. Baada ya hapo sina tena la kusema. Nikijaribu kuendelea naona ninajisifu, na sisi tumelelewa kwamba sifa kama hiyo mtu hupewa na wenzake, hajipi mwenyewe. Isitoshe, si kweli kwamba nina subira kila mahali: kwa mgonjwa ninayo, lakini foleni ya benki hunipandisha hamaki kabla sijafika dirishani. Je, nikilisema hilo mbele ya mtahini nitakuwa nimejiharibia, ilhali natafuta kazi ya uuguzi? Na jibu liwe refu kiasi gani?

Mwalimu wa Malindi

Waalaikumu salaam, dada. Ninawafundisha watahiniwa wa mtihani huu hapa Malindi, na shaka uliyoitaja wengi wanayo ila huificha. Mtahini hapimi tabia yako. Anapima mambo manne, yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa maelezo, upana wa msamiati, sarufi kwa aina zake na usahihi wake, na matamshi. Hakuna mahali anapoandika kwamba mtahiniwa huyu ana subira au hana, na mwajiri wako ataona alama tu, hatayasikia maneno uliyoyasema.

Kwa hiyo foleni yako ya benki usiifiche, kwani ndiyo jibu lenyewe. Ukidai kuwa una subira kila mahali, umekwisha kusema yote na huna pa kwenda. Lakini ukisema kwamba unayo wodini na huna mbele ya dirisha la benki, tayari una pande mbili, na ili uzieleze utalazimika kutumia viunganishi vya kupinganisha, kutoa sababu, na kuleta mfano. Hayo ndiyo yanayokupa alama. Kuhusu urefu, mtihani wote huchukua dakika 11 hadi 14, na sehemu hiyo ya kwanza huwa dakika 4 hadi 5 zenye maswali kadhaa, basi sentensi mbili hadi nne kwa kila swali zinatosha. Ukizidisha, mtahini atakupeleka kwenye swali linalofuata, na hilo lisikushtue.

Ama kuhusu kujisifu, mwachie mtu mwingine atoe ushahidi. Sema kwamba wenzako wa zamu hukuita wewe pale mgonjwa anapokataa kuchomwa sindano, au kwamba dada yako hukucheka unavyotazama saa ukiwa kwenye foleni. Adabu yako itabaki salama, na papo hapo utakuwa umetumia sentensi changamano, ambayo ni sarufi ngumu kidogo kuliko "mimi ni hivi, mimi ni vile". Na ukiulizwa kama ulikuwa na subira zaidi ulipokuwa mdogo, swali hilo linakutaka ulinganishe zamani na sasa. Wengi hujibu kwa wakati uliopo tu na kuipoteza nafasi.

Mzee wa Mkomani

Maalim, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Mtu anayekwenda kuhudumia wagonjwa hafai kumwambia mgeni kwamba ana hamaki, hata kama ni ya benki. Binti yangu, sema una subira, kisha uitie nguvu kwa methali zetu, maana tunazo tele: subira huvuta heri, mvumilivu hula mbivu. Mzungu atajua kwamba umetoka kwa watu wenye hekima.

Mwalimu wa Malindi

Mzee wangu, shikamoo. Nakuelewa, na kama ingekuwa ni mahojiano ya kazi ningekuwa upande wako moja kwa moja. Huu ni mtihani wa lugha. Methali moja ikifuatwa na kisa haina ubaya. Tatizo ni kwamba watahiniwa wetu wa pwani huja na methali zilezile, wakiwa wamezikariri kwa Kiingereza pamoja na maelezo yake, na watahini wamefunzwa kuyatambua majibu ya kukariri. Sauti hubadilika, mtu husoma kama anayetoa hotuba, na swali dogo likifuata analemaa.

Msafiri wa Shela

Nami niongeze kuhusu sehemu ya pili, kwa sababu mada hii hujitokeza huko pia kwa sura nyingine. Mimi nilipewa kadi iliyonitaka nieleze wakati nilipolazimika kungoja kitu kwa muda mrefu: kitu gani, kwa nini nilingoja, na nilijisikiaje. Unapewa dakika moja ya kujitayarisha, karatasi na penseli, kisha unazungumza peke yako kwa dakika moja hadi mbili. Aliyeketi karibu nami nje alikuwa amejiandaa kuzungumzia viza. Mimi nilichagua kofia.

Ami yangu alikuwa ameniahidi kofia ya vito kwa ajili ya Idi, na kwenye karatasi niliandika maneno machache tu: kitambaa, sindano, matundu, Idi. Nilieleza jinsi kila tundu dogo linavyotobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono, moja baada ya jingine, mpaka ua zima litokee kwenye kitambaa. Nikaeleza kwamba nilikuwa nikipita barazani kwake kila baada ya Alasiri nikijifanya nimekwenda kumsalimu, naye akijua nimefuata nini. Na kwamba Idi ilifika kofia ikiwa bado haina upande mmoja, nikaenda kuswali na ya zamani. Sikulijua neno la Kiingereza la kushona kwa namna ile, basi nililizunguka kwa kusema kwamba ni kushona pembezoni mwa tundu ili lisichanike, na hiyo pia huhesabiwa kuwa ni uwezo. Mtahini alinikatiza kabla sijafika mahali nilipoipata kofia. Nilitoka nikidhani nimeanguka, kumbe hukatizwa kila anayefikisha dakika mbili.

Ushauri wangu, dada, ni kwamba uanze katikati ya kisa. Ukianza kwa kueleza Lamu iko wapi, muda utakwisha ungali jeti ya Mokowe, hujavuka bado kuja kisiwani.

Muuguzi wa Langoni

Ahsanteni sana nyote, na mzee wangu pia, kwani maneno yako ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu tangu mwanzo. Jana usiku nilijaribu tena. Nilisema kwamba kazini mimi ni mvumilivu, kwa sababu mtoto anayelia hawezi kuharakishwa na daktari wala muuguzi, lakini foleni ni habari nyingine, na mama hunikataza nisimsindikize benki. Mwenzangu alicheka, akaniuliza mama anasema nini hasa, na tukajikuta tunazungumza kweli. Sasa naomba kujua sehemu ya tatu. Kisa changu kitafaa huko pia?

Mwalimu wa Malindi

Jibu hilo liache lilivyo, usilipambe. Sehemu ya tatu inahitaji kitu kingine. Nayo ni dakika 4 hadi 5, ila maswali yanatoka kwako na kwenda kwa watu wote: je, watu wa siku hizi wana subira ndogo kuliko wa zamani, kazi zipi huhitaji subira, mtoto anaweza kufundishwa subira au huzaliwa nayo. Ukirudia habari za mama na benki, utaonekana hukulielewa swali. Toa maoni, yape sababu, kisha yawekee mpaka. Unaweza kusema, kwa mfano, kwamba simu imewazoesha vijana kutaka jibu papo hapo, hata ujumbe wa WhatsApp ukichelewa wananuna, lakini vijana haohao wakiwa na chombo kilichokwama kwenye fungu la mchanga hukaa na kungoja maji yajae bila kulalamika, kwa kuwa wanajua hakuna wa kumlalamikia. Kwa hiyo huenda subira inategemea zaidi kama mtu anaamini jambo linaweza kuharakishwa.

Usipolielewa swali, omba lirudiwe kwa sentensi kamili, wala usikae kimya ukilikisia. Kisha usijizoeze na mwenzako huyohuyo kila siku, maana amekwisha kuvijua visa vyako. Mtafute mtu atakayekuuliza asilolijua.