Mrejesho: mbao bandia kwenye dashibodi ya Crown

Wakuu, narudi na jibu. Niliuliza namna ya kufufua michirizi ya mbao bandia iliyofifia kwenye dashibodi ya Toyota Crown ya miaka ya 1970, gari likiwa hapa Mombasa. Ahsanteni nyote.

Nilifuata ushauri wa kuchora kwa mkono. Vipande vilifunguliwa, vikaoshwa kwa sabuni ya vyombo na kufutwa kwa spiriti ili mabaki ya polishi yatoke, kisha msasa wa maji namba 400 na 600. Ikafuata praima ya plastiki (rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine), rangi ya chini ya hudhurungi hafifu, halafu rangi ya mafuta ya kahawia iliyokoza, ikivutwa kwa brashi kavu iliyopunguzwa nywele ovyoovyo. Vuta moja kwa moja. Mkono ukisita katikati, doa hubaki na halifichiki.

Aliyeonya kuhusu unyevu wa pwani alisema kweli. Vanishi iliyopulizwa jioni ilitoka na ukungu mweupe: thina (kimiminika cha kuzimulia rangi) ikiruka haraka hupoza uso, mvuke wa hewani ukanasa. Kupuliza kidogo thina inayokauka polepole, saa sita mchana, kuliuondoa. Rangi ya mafuta ikauke kabisa kwanza, na vanishi ianze kwa tabaka nyepesi mno, la sivyo michirizi hujikunja.

Kilichokataa ni kifuniko cha kisahani cha majivu. Pale nilijaribu stika yenye mchoro wa mbao, nikaipasha kwa draya ya nywele, lakini jua la kioo cha mbele limeibandua konani. Nacho kitachorwa tu.