Ua la rangi ya chungwa kando ya kijito: ni la aina gani?

Swali: Habari zenu. Katika msitu wenye unyevunyevu mashariki mwa Marekani, ukingoni mwa kijito, nimekuta mmea wa kimo cha mita 1 hivi, wenye shina laini linalokaribia kupenyeza mwanga na maua ya rangi ya chungwa yenye madoa mekundu ya hudhurungi, yanayoning'inia kama vipuli. Naomba msaada wa kuutambua.

Jibu la kwanza: Maelezo yako yanaelekea kwenye Impatiens capensis, mmea wa asili wa Amerika Kaskazini. Tazama nyuma ya ua: kijimkia chenye nekta huwa kimejikunja kuelekea mbele. Tunda lililokomaa, ukiligusa, hupasuka ghafla na kurusha mbegu, ingawa jamaa zake nao hufanya hivyo.

Jibu la pili: Nakubaliana na mwenzangu, ila chunguza pia majani, kwa maana yakitoka mawili au matatu kwenye kifundo kimoja, na maua yakiwa ya waridi, huyo ni Impatiens glandulifera, mgeni kutoka Himalaya. Jina capensis lisikupoteze. Linataja Rasi ya Tumaini Jema kwa kosa la aliyeupa mmea jina hilo mwaka 1775.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nimerudi leo na kukuta majani yanapishana, na nilipozamisha moja majini, upande wake wa chini ulimeta kama fedha. Tunda nalo lilinipasukia kiganjani hata nikashtuka.