Kuasili mtoto wa makaoni kutoka nchi nyingine: "mchangamfu, haogopi wageni" ina maana gani?

Bint_Pangani
Wakuu, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine habari zenu. Mimi na mume wangu tunaishi Tampere, Ufini, na tumepata kibali cha kuasili mtoto kutoka Afrika Kusini. Ni mvulana wa miaka miwili na miezi minne, yuko kwenye makao ya watoto Johannesburg tangu akiwa na wiki tatu, na anasikia Kizulu tu. Tunasafiri baada ya wiki saba. Ripoti tuliyotumiwa ina ukurasa mmoja na nusu, na sehemu ya tabia inasema: "Mchangamfu, haogopi wageni. Hasumbui kulala. Anakula sana."

Mama mkwe anataka kutoka Tanga aje kukaa nasi miezi mitatu, tangu siku ya kwanza. Waswahili wa hapa nao wameshaanza kuchangishana kwa ajili ya sherehe ya kumpokea. Turuhusu? Nyumbani tunaongea Kiswahili na nje ni Kifini, tuanze na ipi? Tuombe vipimo gani? Halafu kuna mtu katushauri tiba ya kumshika mtoto kwa nguvu mpaka akutazame machoni na "kukubali". Mnaijua?

Afisa_Mstaafu
Dada, hongereni. Anza na hiyo ripoti, maana kila sifa iliyoandikwa pale ina upande wa pili.

"Haogopi wageni." Mtoto wa umri huo aliyelelewa na watu walewale hujificha nyuma ya kanga ya mama akiona sura ngeni. Anayemkimbilia kila anayeingia mlangoni ameshajua kwamba watu wazima ni wa zamu: wa asubuhi siye wa usiku, wa Jumatatu huenda Ijumaa hayupo, basi anamshika aliyepo. Siku ya kwanza atakuja mikononi mwenu akicheka, mtapiga picha, na kesho yake dukani atamfuata mteja wa mbele kwenye foleni vilevile. Msikasirike, na picha ile isiwadanganye.

"Hasumbui kulala." Mlezi mmoja wa usiku ana vitanda vingi. Mtoto anayelia asijibiwe huacha kulia, lakini kuamka hajaacha. Kitanda chake kiwekeni chumbani kwenu, kigusane na chenu. Mkiona macho yako wazi gizani naye kimya, mguseni na mumwambie neno lilelile kila usiku. Ule ushauri wa "mwache alie atazoea" haumfai huyu, alishazoea kitambo. Akianza kulia usiku na kuwaita baada ya wiki kadhaa, watu watasema mmemdekeza. Ninyi furahini.

"Anakula sana." Hapa ndipo wazazi wengi huharibu kwa nia njema. Atakula mpaka atapike, atabaki na mkate shavuni, mtakuta ganda la ndizi chini ya mto. Mkifunga kabati mnamthibitishia kwamba chakula huisha. Mlisheni kila saa mbili na nusu hadi tatu, saa zisizobadilika, sahani ndogo, sufuria ikiwa mezani aione bado ina kitu. Wekeni bakuli la ndizi na vipande vya mkate mahali anapofika mwenyewe, mlijaze mbele ya macho yake, na usiku liwe karibu na kitanda. Msilitoe, mtaona wenyewe linaanza kubaki limejaa. Chakula kisitumike kama zawadi wala adhabu, hata biskuti moja.

Siku za kukabidhiana msizibane. Siku ya kwanza mlezi wake amlishe wewe ukiwa umekaa karibu, inayofuata umlishe wewe mlezi akiwa karibu, kisha kuoga, kisha usingizi wa mchana, na usiku wa kulala kwenu uje mwisho. Mlezi amuage kwa maneno, amwambie anakwenda na nani. Wengine humtorosha mtoto akiwa amelala ili asilie. Hapo mtoto huchukua somo kwamba ukilala, watu hupotea, na huko Tampere mtashangaa kwa nini anapigana na usingizi.

Ombeni picha ya huyo mlezi, jina analomwitia, ratiba ya siku nzima kwa saa, na blanketi lake. Blanketi msilifue. Sabuni na mafuta ya mwili nunueni yaleyale yanayotumika makaoni, ya kutosha miezi miwili.

Mama_Kikwajuni
Nakubaliana na Afisa, ila tusije tukamfanya bibi adui. Nimeona vitabu vya Ulaya vinavyowatisha watu kana kwamba mtoto akibebwa na shangazi ameharibika. Mary Ainsworth, mtafiti wa uhusiano wa mtoto na mlezi ambaye kila anayesoma mambo haya hukutana na jina lake, alianzia kazi yake Uganda mwaka 1954, vijijini karibu na Kampala, akitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28. Watoto wale walikuwa na ndugu, bibi na majirani wa kuwabeba, na bado walimjua wa kumkimbilia. Mama ambaye angeweza kukueleza mwanawe kwa undani, analala saa ngapi, anacheka kwa nini, ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu zaidi kwake. Wingi wa mikono haukumuumiza mtoto. Makaoni mikono ni mingi na haidumu, hilo ndilo tatizo.

Kwa hiyo bibi aje, lakini aje wiki ya nane. Kama tiketi imeshakatwa, gawaneni kazi: yeye jikoni, nguo, na michezo ya sakafuni. Kulisha, kuogesha, kulaza na kubembeleza akiumia ni ninyi wawili tu. Mwambie mama mkwe sababu mapema, kwa simu, na mumeo ndiye aseme, asiambiwe na mkwe mlangoni na begi mkononi. Mtoto akimpandia bibi mapajani, bibi ambusu na kumwambia "twende kwa mama," ampeleke. Hilo litamuuma bibi yeyote wa Tanga, nalijua, ndiyo maana nasema aelezwe mapema.

Sherehe isubiri miezi minne au mitano. Wanaotaka kusaidia walete chakula mlangoni. Waliokwisha changa wawape nauli ya teksi za hospitali. Wageni wakija, wawe wawili kwa wakati, nusu saa. Wampungie mkono. Mwenye pipi ampe mama, mama ampe mtoto.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Vipimo. Vingine hufanywa Johannesburg lakini rudieni huko, maana cheti cha kusafiria si uchunguzi kamili. Ndani ya wiki mbili za kufika: damu kamili pamoja na feritini (akiba ya madini ya chuma), VVU, homa ya ini B na C, kaswende, TB, tezi ya shingo, vitamini D, madini ya risasi, na choo mara tatu kwa siku tofauti kutafuta minyoo na jiadia (kimelea cha tumboni). TB waombeni kipimo cha damu, kwa sababu Afrika Kusini watoto huchanjwa BCG, chanjo ya TB, wakizaliwa na kile cha ngozi kinaweza kuwachanganya. Cha VVU kwa umri wake kinasomeka vizuri, kingamwili za mama kwa kawaida zimekwisha baada ya miezi 18. VVU, homa ya ini na TB zirudiwe baada ya miezi sita, kwani maambukizi ya karibuni huenda yasionekane mara ya kwanza.

Feritini nayo rudieni hata kama ilikuwa sawa. Mtoto akianza kula vizuri hukua kwa kasi na kumaliza akiba ya madini ya chuma, na upungufu wake huleta usingizi mbovu na hasira ambazo watu watadhani ni za "tabia".

Urefu usiwatishe. Kwa watoto wa makaoni makadirio yanayotumika ni kupoteza kama mwezi mmoja wa kukua kwa kila miezi mitatu ya kukaa pale, na sehemu kubwa hurudi. Mzunguko wa kichwa ndio wa kufuatilia, kwa hiyo nakilini kijitabu chote cha kliniki, kila kipimo na tarehe yake. Masikio yapimwe mapema. Na neuvola, yaani kliniki ya watoto ya huko Ufini, waambieni wazi kwamba aliishi makaoni tangu akiwa na wiki tatu, wasimpime kama mtoto mwingine wa umri wake.

Bint_Pangani
Asanteni sana. Mume wangu amesoma kuhusu watoto wa makao ya Romania na sasa halali. Anauliza kama tumeshachelewa.

Mkufunzi_wa_Saikolojia
Mwambie asome mpaka mwisho. Uchunguzi wa Bucharest, mji mkuu wa Romania, ulianza mwaka 2000 na watoto 136 wa makaoni. Nusu yao, kwa kura, wakapelekwa kwa familia za kulea. Waliohamishwa kabla ya miezi 24 ndio waliopata kwa urahisi zaidi uhusiano salama na mlezi, lakini waliohamishwa baadaye nao walifaidika. Watoto wa Romania walioasiliwa Uingereza mapema miaka ya 1990 na kufuatiliwa na mtafiti Michael Rutter na wenzake walionyesha kitu kama hicho. Waliokaa makaoni chini ya miezi sita walifanana na walioasiliwa humohumo Uingereza. Waliozidi hapo wengi walibaki na shida, hasa za umakini na za kuwaendea wageni ovyo. Hata hivyo takriban mmoja kati ya watano wa kundi hilo la pili alifika utu uzima bila shida kubwa. Tena makao ya Romania yale yalikuwa na njaa, vitanda vya vyuma na wafanyakazi wachache mno. Ulizeni ya kwenu yakoje: watoto wangapi kwa mlezi, na mlezi aliyekaa muda mrefu kuliko wote ana miaka mingapi pale. Majibu hayo mawili yatawaambia mengi kuliko ukurasa mmoja na nusu.

Tiba ya kumshika: hapana, kabisa. Mwaka 2000 msichana wa miaka 10 alifariki Colorado, Marekani, akiwa amefungwa kwenye shuka huku watu wazima wakimkandamiza, kwa jina hilohilo la kumjengea upendo kwa mama aliyemwasili. Jimbo likapiga marufuku aina ile ya tiba mwaka uliofuata. Mtoto akilazimishwa kutazama macho anajifunza kwamba mikono yako ndiyo hatari. Ukitaka akutazame, weka uso wako chini ya kimo cha macho yake na ushike kitu anachokitaka karibu na shavu lako. Halafu subiri.

Kinachofanya kazi ni kidogo na kinachosha. Akianguka asilie, nenda kana kwamba amelia: "Pole, imeuma, njoo." Akikusukuma, kaa hatua mbili, usiondoke. Hasira zikimpanda usimfungie chumbani peke yake; kaa sakafuni karibu, sauti ya chini, maneno matatu. Kiboko huko Ufini kimekatazwa kisheria tangu 1984, na hata pasingekuwa na sheria, kwa mtoto huyu kingebomoa kile mnachojenga.

Dalili kwamba mmefika: anakutazama kwanza kabla ya kushika kitu kipya, akiumia anakuja kwako na si kwa aliye karibu, anakataa mapaja ya mgeni, na analia ukienda msalani. Hesabuni kwa miezi. Ikifika miezi sita na hakuna hata moja, ombeni mtaalamu wa kuwarekodi video mkicheza naye na kuitazama pamoja nanyi. Njia hiyo ilijaribiwa Leiden, Uholanzi, kwa familia za kuasili. Likizo ya wazazi mnayo, siku 160 kila mmoja. Mwanzo muwe wote nyumbani kadiri Kela, shirika la bima ya jamii la Ufini, wanavyoruhusu, kisha mfuatane, chekechea ije mwisho.

Tausi_wa_Lugha
Kiswahili kwanza, bila wasiwasi. Kizulu chake kitapotea ndani ya miezi michache asipokisikia, na kwa muda hatakuwa na lugha yoyote iliyokamilika, kwa hiyo mpeni inayotoka kwenu bila kufikiri. Mna bahati ya ndugu wa lugha: lala ni lala, inyama ni nyama, amanzi ni maji, ubaba ni baba. Jifunzeni haya kabla ya safari: woza (njoo), thula (nyamaza, kwa kubembeleza), ubisi (maziwa), kubuhlungu (inauma). Na ngilambile ni "nina njaa", asije akasema mkadhani anataka kulamba kitu. Semeni la Kizulu kisha la Kiswahili papo hapo, "woza, njoo", kwa wiki sita hivi, halafu liacheni la kwanza lififie lenyewe.

Baada ya mwaka kama maneno hayaungani mawili mawili, msikubali kuambiwa "ni lugha nyingi". Rudini kwenye kipimo cha masikio alichotaja Nesi.

Na ugali wao, ule wanaouita pap, hauna tofauti kubwa na wetu, maziwa mgando wanayaita amasi. Bebeni unga wa sembe kilo mbili. Siku ya kwanza Tampere kila kitu kitakuwa kigeni, hata hewa, sahani isiwe.